Dakika Tano za Mtani Wangu

Kosa langu la mwanzo kabisa katika kazi ya kupima muda lilikuwa hili: nilianza kuhesabu pale mpira ulipotoweka machoni, wakati sheria inataka uhesabu pale watu wanapoanza kuutafuta. Kati ya mambo hayo mawili kuna mwendo. Mtu amepiga mpira, umeruka, umezama majanini. Sasa ni lazima atembee mpaka kule, na mwendo huo si wa kutafuta, ni wa kutembea tu. Mimi nilikuwa nakula mwendo wa watu. Kwa majuma kadhaa wacheza gofu wa shamba letu la mkonge walinyang'anywa sehemu ya dakika zao tano za kutafuta mpira, wala hakuna aliyejua, kwa sababu kitabu cha sheria kilikuwa kimoja na nilikuwa nacho mimi.

Aliyenigundua ni mhandisi wa mashine za kusindika mkonge, Mzungu mpole mwenye Kiswahili cha taratibu. Alingoja tubaki wawili barazani, kisha akaniuliza, "Karani, saa yako unaianzisha lini?" Nikamweleza. Akachukua kitabu changu mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari. Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa nafuu. Nilirudi chumbani kwangu nikakisoma kitabu kile upya, neno kwa neno, kamusi ikiwa pajani, mpaka sheria ya mpira uliopotea nikawa naweza kuisema nikiwa naoga. Nikaapa kwamba hakuna mtu atakayenionyesha mstari tena. Naanza na hili kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka katika kiapo kile.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Shamba lilikuwa nje ya Kilosa, njia ya kwenda Chanzuru, na nyuma ya nyumba za wakubwa palikuwa na uwanja wa mashimo tisa ambao Wazungu wa shamba na wa boma waliutengeneza kwa starehe yao. Uhuru ulipokuja wengi walifunga mizigo. Waliobaki hawakutosha hata kugombana, kwa hiyo klabu ikatangaza kwamba yeyote mwenye kulipa ada anakaribishwa. Akaingia Mhindi mwenye duka, akaingia bwana afya, wakaingia walimu na mafundi wa reli kutoka stesheni ya Kilosa. Nikaingia na mimi, karani wa mizani, kijana wa milimani Kisanga mwenye elimu ya shule ya misheni na hofu ya kila kitu.

Gofu nilijifundisha mwenyewe, tena kwa kitabu kabla ya kushika fimbo. Ndiyo maana nilizijua sheria vizuri na mchezo vibaya. Nilipokuwa nikipiga nilifikiria kiwiko, kisha goti, kisha watu wanaonitazama, na mpira ulikwenda ulikotaka. Basi wenzangu wakaniona nafaa zaidi nikiwa nimesimama pembeni na saa. Nami nilifurahi. Kusimama pembeni na saa ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Bado nautamani uwanja ule. Mahali pa shimo, ambapo nchi za watu huotesha nyasi fupi kama zulia, sisi tulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya mashine ili usipeperushwe na upepo. Tuliliita brauni. Kabla ya kupiga, ulikokota gunia lililofungwa kwenye ubao ili kufuta nyayo za waliokutangulia. Jua la saa tisa likipiga oili ile ilitoa harufu nzito, na mpaka leo nikipita kwenye gereji napunguza mwendo. Nyasi za njiani zilikatwa na mbuzi wa jirani. Upande wa kushoto wa shimo la nne uliota upupu, na mpira uliokwenda huko haukutafutwa. Mwenye nao alisimama mbali akavua kofia.

Kwingine kote, mpira ukipotea, kila mtu aliingia majanini: wachezaji, wabeba mikoba ya fimbo, watazamaji waliokuja kutoka mjini, mpishi wa klabu na hata mwenye mbuzi. Walitafuta kwa fimbo na kwa nyayo, na kwa midomo pia. "Mpira wenyewe umeona aibu ulivyopigwa." "Mwacheni autafute mwenyewe, si ndiye aliyeutupa?" Treni ilipita ng'ambo ya mkonge, abiria wakachungulia madirishani kuona watu wazima wameinama kama wanaotafuta sindano. Mimi nilisimama katikati yao, macho kwenye mshale wa sekunde. Sikuwahi kujiona nina maana duniani kuliko katika dakika hizo tano.

Kati ya mafundi wa reli alikuwepo mmoja, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima wa umri wa baba yangu, aliyejifunza gofu kwa kupiga kokoto za reli kwa kipande cha bomba. Huyo alikuwa mtani wangu. Sisi Wasagara na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipopita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kukuchukulia kofia, au kuingia kaburini kwenye msiba wako akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Nawe hukasiriki, maana anayekufanyia hivyo ni ndugu. Asubuhi nilimpa shikamoo yake naye akaniitikia marahaba, na baada ya hapo heshima ikawa imekwisha.

"Shuka mlimani, Msagara," alikuwa akinipigia kelele tangu getini. "Msafara umeshapita. Huna haja ya kujificha tena."

"Weka mzigo chini kwanza, mzee," nilimjibu. "Pwani umefika tangu mwaka juzi."

Mimi niliyeshindwa kuomba chumvi mezani kwa woga, kwa mtu yule nilikuwa na ulimi. Sijui kama alilijua hilo. Nadhani alilijua.

Mwaka huo alifika fainali ya kikombe cha fedha cha klabu, yeye na yule mhandisi. Hakuna hata mmoja wetu Waafrika aliyewahi kukigusa kikombe kile, isipokuwa mpishi alipokisugua. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, kwa sababu alikuwa amepata uhamisho kwenda stesheni ya Mikumi, kwenye njia mpya ya reli, na huko hakukuwa na uwanja wala klabu. Alikuwa amewaahidi wenzake wa karakana kwamba akishinda, kikombe kile kitanywewa chai palepale kwenye oili na vyuma, kwa zamu, kuanzia msimamizi mpaka mfagiaji. Tuliambiwa kwamba sukari imeshanunuliwa na birika la karakana limeshapigwa mchanga mpaka linang'aa. Watu wazima walilizungumzia jambo hilo kama watoto wanavyozungumzia Idi.

Siku ya fainali walikuja Wazungu kutoka mashamba mengine. Wakakaa barazani na glasi zao. Upande wa pili wa kamba walisimama watu wa reli na wa mjini. Wachezaji wetu wawili walicheza mizunguko miwili, wakafika shimo la mwisho wakiwa sawasawa. Mhandisi akapiga, mpira ukakaa katikati. Mtani wangu akapiga, ukaenda kulia, ukagonga ukingo wa njia na kuzama kwenye majani marefu kando ya mistari ya mkonge.

Nilitembea pamoja nao. Nilingoja mpaka mtani wangu alipoingia majanini na kugeuza nyasi kwa fimbo yake. Ndipo nikaanza kuhesabu, sawasawa na kitabu.

Waliingia wote. Baada ya muda mfupi nikaona kwamba katika watu wale wanaozunguka, mmoja amesimama. Alikuwa mpishi wa klabu, Msagara mwenzangu, kwao ni kilima cha pili kutoka kwetu. Uzito wake wote ulikuwa kwenye mguu mmoja na macho yake yalikuwa mawinguni. Kando ya kubazi lake la tairi kulikuwa na weupe kidogo. Nitasema kweli: niliuona. Niliuona dakika tatu zikiwa bado.

Mtani wangu naye hakuwa mjinga. "Mpishi," alisema, "mbona umetulia? Unasali?"

"Nalisikiliza tumbo, mzee. Linasema lina kiu."

"Kiu ya nini?"

"Soda mbili. Moja ya kwangu, moja ya kumwagia marehemu mpira."

Watu wakaangua kicheko. Mzee akajipapasa mifuko taratibu, kama inavyopasa, maana mtani akikubana hulipi upesi. Ukilipa upesi umemharibia. "Moja," alisema.

"Mbili. Nyie mmezoea kubeba vya watu, hamjui bei."

"Moja, na nyingine ukinipikia wali usioungua."

Walikuwa wakifurahi. Kila mtu alikuwa akifurahi, hata mhandisi, aliyeegemea fimbo yake akingoja mapatano yaishe. Mshale wa sekunde ulizunguka. Moyoni nilikuwa naisoma sheria: mpira ni sharti uonekane na kutambuliwa na mchezaji, au mwenzake, au wabeba mikoba wao. Mpishi si mmoja wao. Nyuma yangu, barazani, nikasikia mtu anacheka kwa Kiingereza, kama kuna kucheka kwa Kiingereza. Nikahisi shingo inaniwaka. Nikawaza: wanasema hawa wameachiwa klabu, sasa fainali wanaigeuza soko la soda. Nikataka waone kwamba yupo Mwafrika mmoja asiyechezea saa.

"Muda umekwisha," nilisema. "Mpira umepotea."

Kicheko kikazidi. Mtani wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. "Sasa wamekuwa wawili," alisema, akinijia na kuniwekea mkono begani. "Haya, Msagara mdogo, na wewe soda yako useme."

"Si utani," nilimwambia.

Mkono wake ulibaki begani kwangu kidogo, kama uliosahauliwa. Mpishi akaondoa mguu. Mpira ulikuwepo, mweupe, umelala vizuri kwenye alama ya kubazi. Hakuna aliyeinama kuuokota.

Mhandisi akasema, "Karani, sote tunauona. Mwache apige."

Nikamjibu kwamba wachezaji wakikubaliana kupuuza sheria, wote wawili wanatolewa mchezoni. Nikamtajia na ukurasa. Ilikuwa kweli, hata leo nikiangalia naona ilikuwa kweli. Mhandisi akatazama kando.

Mtani wangu akaondoa mkono. Akachukua fimbo yake na kurudi kule alikopigia, maana aliyepoteza mpira hurudi mwanzo na kuongezewa pigo. Ule mwendo wa kurudi ndio mrefu kuliko yote niliyowahi kuitazama. Mbeba mkoba wake alimfuata. Alipiga vizuri, vizuri kuliko mara ya kwanza, lakini pigo lililopotea halirudi. Mhandisi alimaliza mbele yake, akashinda. Wakapeana mikono. Mzee akapita kwangu, akasimama.

"Asante, karani," alisema.

Hakuwahi kuniita karani.

Jioni ile nilijificha jikoni kwa klabu. Mpishi alikuwa akipangusa glasi na hakunigeukia. "Nilikuwa naondoa mguu," alisema. "Angesema moja na nusu tu, naondoa."

"Sheria—"

"Sheria nimeisikia. Mtani haambiwi si utani, mdogo wangu. Umemwambia yeye ni mtu baki."

Siku ile hakuna aliyekunywa chai karakana. Nilisikia kwamba sukari waligawana kwenye karatasi, kila mtu akapeleka nyumbani. Juma lililofuata mzee akapanda treni na mkewe na vyombo vyao kwenda Mikumi.

Nilijaribu kuendelea kupima. Watu waliniruhusu, na hilo ndilo lililoniumiza. Walikuwa na adabu mno. Mpira ukipotea walitafuta kimya, wakiangalia mkono wangu wenye saa. Hakuna aliyesema mpira umeona aibu. Nilikuwa nimeutakasa uwanja mpaka ukawa kama chumba cha mtihani.

Kiangazi kilipokaribia kwisha nilikwenda kwa mhandisi, nikamwomba aniazime kikombe. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Hakuyangoja, alikitoa kabatini akanipa. Nikakifunga ndani ya shuka, nikapanda behewa la daraja la tatu kwenda Mikumi, nimekikumbatia njia nzima, na kila aliyepanda niliona anajua nilichobeba.

Stesheni ya Mikumi ilikuwa mpya, rangi yake haijashika vumbi. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi nyasi zilikuwa zimeungua, na ng'ambo walionekana nyumbu wamesimama kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Mtani wangu nilimkuta uani kwake, akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, karani. Habari za Kilosa? Wazazi hawajambo?"

Akanipa kigoda kizuri, yeye akakalia kinu. Mkewe akaleta chai kwenye vikombe vya bati. Aliniuliza habari za mvua, za mkonge, za kila kitu anachoulizwa mgeni. Nilikuwa radhi anipige kwa ule mpini. Mwishowe nikafungua shuka, nikaweka kikombe chini kati yetu.

Akakitazama. "Mwaka huu nani alishinda?"

"Mhandisi."

"Basi ni chake."

"Amekuazima, unywe chai."

"Sikuomba."

Nyani walikuwa wakigombana juu ya bati la choo. Mkewe akatoka kuwafukuza, akarudi. Nikasema kile nilichokwenda kusema. "Niliuona ule mpira, mzee. Niliuona mapema."

"Najua. Hata wale wa kwenye kamba waliuona." Akapuliza mpini wake. "Sikukuuliza kama uliuona. Nataka kujua ulimwogopa nani."

Nikamweleza. Nikamwambia juu ya baraza, na glasi, na kile kicheko, na shingo yangu. Niliongea kwa muda mrefu, bila mpango, kinyume na nilivyo. Aliposikia yote akauliza, "Na walikuwa wanacheka nini?"

"Sijui. Sikugeuka."

"Hukugeuka," alisema. Akarudia tena kwa mkewe, kama anayemwonyesha kitu cha ajabu kilichookotwa njiani. "Hakugeuka."

Kisha akachukua kikombe, akakizungusha, akasoma majina ya washindi yaliyochongwa juu yake, akamkabidhi mkewe. "Kifunge vizuri, mama. Kijana wa watu asije akakamatwa. Msagara ndani ya behewa la daraja la tatu na fedha ya Mzungu kwenye shuka. Babu zako walikuwa wakichungulia misafara tu, wewe umeanza kuiba."

Ulimi ulikuwa umelala muda mrefu. "Nimeiba," nilisema, "nikatafuta mpagazi. Nikaambiwa wa mwisho kabisa anakaa Mikumi."

Alicheka. Sitasema kilikuwa kicheko cha zamani. Kilikuwa kifupi, na katikati yake alinitazama kuona kama na mimi nacheka. Lakini alicheka. Tukamaliza chai yetu kwenye vikombe vya bati, na jioni akanisindikiza mpaka stesheni, akitangulia mbele na kunitukana kwa kila aliyekutana naye. "Huyu ndiye mtani wangu," aliwaambia, "aliyeninyima chai kwa saa ya mkononi." Nami kila mara nilisikia aibu, na kila mara nilitaka aseme tena. Kikombe nilikirudisha Kilosa kama nilivyokileta. Hakuna aliyekinywea.

Baada ya Azimio shamba lilichukuliwa na serikali, na mhandisi akaondoka. Uwanja walipewa watu wa kijiji cha ujamaa wakaulima mahindi, na ni haki yao, kwani mahindi yanaliwa. Nilipita huko msimu uliopita. Brauni bado zinaonekana. Ndani ya maduara yale mahindi yametoka mafupi na ya njano, oili haijatoka ardhini. Mimi sasa naishi Morogoro mjini, na mara mojamoja huitwa kupima muda huko wanakocheza gofu. Mtani wangu amestaafu, yuko kwao Tabora, na salamu zake zikinifikia huwa ni matusi matupu.

Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nikianza kuhesabu natangaza kwa sauti, ikibaki dakika moja natangaza tena, na mpira nikiuona nauonyesha kwa kidole.